Hapana ya Tatu ya LaVonne Brekke

Agosti ile, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, daktari alimfunga LaVonne Brekke kile kitambaa cha kupimia presha mara tatu, na mara zote tatu mashine ikasema yaleyale: 168 kwa 104. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaandika vidonge, akaandika kadi ya afya ya dereva, na badala ya miaka miwili kama siku zote akaweka miezi mitatu. Ifikapo Novemba presha iwe chini ya 140 kwa 90, la sivyo arudishe funguo za basi namba tisa.

LaVonne alikuwa na miaka hamsini na saba, na kati ya hiyo ishirini na miwili aliimaliza kwenye usukani wa basi la shule. Katika mji mzima wa Torvik, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa chake. Shamba la viazi sukari, vile vya kiwandani vya kutengenezea sukari, lilikuwa la akina Brekke, nyumba ilikuwa ya akina Brekke, hata benchi la kanisani lilikuwa na jina lao, na yeye mwenyewe watu walimwita mke wa Merle. Lakini akikaa kwenye kiti kile na kufungua ule mkono wa chuma wa ubavuni mwa basi, wenye alama nyekundu ya kusimamisha magari, lori la tani ishirini lilisimama palepale na dereva wake akasubiri, apende asipende. Hakuwa tayari kukiacha kiti hicho kwa sababu ya mashine ya presha.

Tatizo ni kwamba alikula. Na si kwamba alikula kwa njaa, maana chakula cha njaa mtu hukaa mezani akala akashiba. LaVonne alikula kwa hasira. Kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa kasoro alasiri basi lilikaa nyuma ya karakana ya shule, na yeye alikaa siti ya mwisho kabisa, ambako watoto wabaya hukaa, akimaliza pakiti za krispi zile kubwa za familia, soseji kavu, na donati za duka la petroli. Alikula harakaharaka akitazama mbele, mtu angesema anamtafuna adui.

Adui mwenyewe alikuwepo na alikuwa na jina. Aliitwa Arlys, dada yake Merle, wifi mtu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mstaafu wa benki, aliyehamia nyumba ya wazazi iliyotazamana na ya LaVonne, barabara tu katikati. Kila Jumapili baada ya ibada Arlys alivuka barabara hiyo akiwa na trei ya kioo, na ndani yake keki za bapa za kukata vipande, za siagi ya karanga juu yake chokoleti, au za siagi na sukari guru, au zile za nazi ambazo kipande kimoja kinatosha kumwamsha maiti. Chini ya trei kulikuwa na utepe mweupe ulioandikwa A. BREKKE kwa kalamu ya wino, ili isije ikapotea. Huku kwetu trei ya mtu hairudishwi tupu. Basi Jumatano LaVonne alioka zake, akaivusha trei imejaa, na Jumapili ikarudi imejaa. Wanawake wawili wasiopendana walikuwa wamelishana siagi kwa miaka kumi na moja, na mji mzima ukisema jinsi mawifi hawa wanavyoelewana.

Habari za presha zilipomfikia Arlys (na habari huku hazihitaji miguu), alivuka barabara siku ya Jumanne. Kisha Ijumaa. Kisha Jumapili kama kawaida.

"Nimesikia daktari amekutisha," alisema, akiweka trei mezani. "Nikasema maskini, atahitaji kitu kitamu. Una uso mzuri sana, LaVonne. Mimi huwa namwambia kila mtu, uso wake ni mzuri."

LaVonne alisema asante. Alipofunga mlango alikula safu nzima akiwa amesimama, kisha akala nyingine ili trei ionekane imekatwa sawasawa.

Zahanati ilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe. LaVonne alitegemea mama mnene mwenye michoro ya mboga ukutani. Alimkuta msichana wa Kihmong, mtoto wa wakimbizi kutoka jiji la Saint Paul, Mai See Vang, asiyefika hata miaka thelathini, ambaye hakuwa na mchoro wowote na wala hakutabasamu.

"Usiniambie umekula nini," alisema Mai See. "Krispi nazijua. Niambie dakika tano kabla ya kula kulitokea nini."

"Hakukutokea kitu."

"Sawa. Chukua daftari hili. Kabla hujatia kitu mdomoni, andika unahisi nini. Neno moja linatosha. Halafu subiri dakika kumi. Zikiisha na bado unataka kula, kula, sitakugombeza."

LaVonne alilitazama lile daftari dogo la kijani akatamani kumpiga nalo. Amelea watoto watatu, ameendesha basi kwenye theluji ambayo huoni hata pua ya basi lako, leo anapewa daftari kama mtoto wa darasa la pili. Lakini alikuwa na miezi mitatu tu, basi akalichukua.

Wiki iliyofuata Mai See alilifungua. Jumatatu: Arlys. Jumanne: Arlys. Jumatano: uchovu, na chini yake, Arlys. Alhamisi kulikuwa na doa la mafuta tu.

"Arlys si hisia," alisema Mai See. "Ni jina la mtu."

"Wewe hujamwona."

"Ukimwona unahisi nini?"

"Watu wa huku hatuhisi, binti yangu. Tunapeleka chakula."

Mai See aliweka kalamu chini. "Basi akileta, kataa."

"Nakataa! Kila mara nakataa."

"Halafu?"

"Halafu napokea." LaVonne alimwona hajaelewa, akamweleza kwa sauti ile anayowaelezea watoto wapya kuhusu mikanda ya siti. "Mtu akikuletea, unasema hapana, usijisumbue. Anasema si usumbufu. Unasema hapana, kweli, tunavyo vingi. Anasema basi, kidogo tu. Unapokea. Hapana mbili ni adabu."

"Na hapana ya tatu?"

"Haipo."

"Iwepo," alisema Mai See, akamwandikia miadi nyingine.

Jumapili ya pili ya Septemba Arlys alisimama jikoni kwa LaVonne na trei ya keki za siagi ya karanga. Merle alikuwa mezani na gazeti la wakulima.

"Nimeleta kidogo tu," alisema Arlys.

"Hapana, Arlys, usijisumbue."

"Usumbufu gani? Nilikuwa naoka hata hivyo."

"Hapana, kweli. Tunavyo vingi."

"Basi kipande kimoja kimoja tu," alisema Arlys, na mkono wake ulikuwa tayari unaishusha trei.

"Hapana," alisema LaVonne.

Trei ilibaki hewani. Merle alishusha gazeti. Arlys alimtazama LaVonne kana kwamba amevua nguo palepale jikoni, kisha akamtazama kaka yake, kisha akageuka na trei yake akatoka bila kufunga mlango. LaVonne alikwenda kuufunga. 

"Umemfanyia nini dada yangu?" aliuliza Merle.

"Nimesema sitaki keki."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Merle alivaa kofia yake. Alivuka barabara akaenda kukaa jikoni kwa Arlys kula vipande vinne kwa niaba ya nyumba, na aliporudi alisikiliza kwanza habari ya hali ya hewa mpaka mwisho. "Dada amelia," alisema hatimaye. "Umeridhika?"

LaVonne hakuridhika, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuwa na trei ya kurudisha, na hilo alilipenda kuliko alivyotegemea.

Mji ulimtia adabu kwa namna yake. Hakuna aliyemtukana, huku hawatukani. Jumapili iliyofuata aliteremka ukumbi wa chini ya kanisa kuwasha mtungi mkubwa wa kahawa, kazi aliyoifanya miaka thelathini, akamkuta Arlys amevaa aproni yake, mtungi unachemka, na wanawake sita wamepanga vikombe.

"Tumeona upumzike," alisema mmoja wao kwa upole wa kukata maini. "Na hiyo presha yako."

"Kweli," alisema Arlys bila kugeuka. "Na tena yeye siku hizi hali vyakula vya watu."

Wote wakacheka kidogo, kicheko kile cha kanisani kisichofungua midomo. LaVonne alipanda ngazi, akaingia kwenye gari, akaenda duka la petroli akanunua donati kumi na mbili. Alikula tisa uwanjani pale, injini ikiunguruma, sukari ikimwagikia koti la kanisani, na kila moja ilipoingia aliiona ile migongo saba. Kisha akachukua daftari. Aliandika Arlys. Akakata. Akaandika hasira, na alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alimpelekea Mai See ule ukurasa uliotoboka, akiwa amejiandaa kugombezwa kwa donati tisa. Mai See hakuuliza habari za donati. Aliuliza hasira hiyo ina umri gani.

Hapo ndipo LaVonne alipolitoa lililokuwa moyoni, na alishangaa jinsi lilivyotoka zima. Mama mkwe wake, Borghild, alikaa kitandani miaka miwili kabla ya kufa, katika chumba cha chini nyumbani kwa LaVonne. LaVonne alimwosha, alimkata kucha, alimbadilisha mashuka kabla ya basi la asubuhi na baada ya basi la jioni. Arlys alikuja Jumapili na keki. Na siku ya maziko Arlys alisimama mbele ya kanisa lililojaa akashukuru. Alimshukuru mchungaji. Aliwashukuru manesi, waimbaji, majirani walioleta nyama na viazi. Alimshukuru mpaka mtu aliyesukuma theluji kwenye maegesho. LaVonne alikaa benchi la kwanza akisubiri jina lake, na Arlys akakunja karatasi akakaa. Baada ya hapo LaVonne aliteremka ukumbini akala akiwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko, na kwa kweli tangu siku hiyo hajawahi kuacha.

"Hasira hiyo umeshamwambia nani?" aliuliza Mai See.

"Wewe."

"Mimi hainihusu."

"Unataka nikamwambie yeye? Umechanganyikiwa?"

"Anza na mtu asiyesikia. Tembea. Ukiwa peke yako, iseme kwa sauti. Mdomo mmoja hauwezi kusema na kutafuna pamoja."

Ilikuwa Oktoba, msimu wa kung'oa viazi sukari, malori yakipita mchana kutwa na Merle akilala shambani ndani ya pikapu. Kila siku baada ya kulilaza basi LaVonne alitembea barabara ya changarawe inayofuata mtaro, maili moja kwenda na moja kurudi, katikati ya mashamba ambako hakuna sikio la mtu. Siku ya kwanza aliona aibu. "Arlys," alisema kwa sauti ya chini, "nadhani hukunitendea sawa," kisha akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu, na nusura aombe radhi.

Kufikia wiki ya pili alikuwa amefunguka. "Arlys Brekke, roho ya korosho wewe!" alipiga kelele akirusha mikono. "Mifupa mitupu! Hata mbu akikuuma anaondoka na njaa! Mama yako alikuwa ananuka mkojo, ulikuwa wapi? Ulikuwa unapima sukari! Nani aliyemsugua mgongo? Useme! Sema jina, mnafiki mkubwa wewe, lina herufi saba tu!" Kunguru waliruka kutoka mtaroni. Alirudi nyumbani koo limekauka na moyo umelegea, akanywa maji, akakaa dakika kumi zake. Mara nyingi dakika zilipoisha alikuta hataki kitu. Si mara zote. Jumatano mbili alikula jibini moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, mlango wa friji ukiwa wazi, na akaliandika hilo vilevile. Lakini siku moja alifungua krispi nyuma ya basi, akala tatu, akagundua kwamba zina ladha ya chumvi na basi. Alizifunga akazitia chini ya siti.

Novemba daktari alimfunga kitambaa. 132 kwa 84.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Natembea."

"Endelea kutembea," alisema, akampa kadi ya mwaka mzima. LaVonne aliiweka kwenye mkoba akaigusa mara tatu kabla hajafika kwenye gari.

Furaha yake haikumaliza siku mbili. Alhamisi Wendell Stordahl, msimamizi wa mabasi, alimwita ofisini. Alizungumzia theluji ya kwanza. Alizungumzia paa, nani amewinda wangapi. LaVonne alimfahamu Wendell. Mtu huyu akizungumzia paa kwa dakika kumi ujue kuna msiba.

"Kuna barua," alisema Wendell hatimaye, akaisukuma mezani kwa kidole kimoja.

Mwandiko ulikuwa ule wa kwenye trei. Arlys, kwa masikitiko na kwa upendo, aliona ni wajibu wake kuwaarifu wakubwa wa shule kwamba kuanzia Oktoba, kwa darubini ya marehemu mume wake ya kutazamia ndege, amemwona wifi yake mara kumi na moja, tarehe zimeambatanishwa, akitembea peke yake barabarani huku akipiga kelele na kurusha mikono. Hakutaka kumhukumu mtu. Aliuliza tu kama mtu wa hali hiyo akabidhiwe watoto wa watu.

 Kitu cha kwanza alichokiwaza LaVonne, aibu iliyoje, ni zile krispi chini ya siti.

"Bodi ya shule inakaa Jumatatu," alisema Wendell. "Ikiwa bado ninayo hii, lazima niisome. Nikiisoma watataka uchunguzwe, na mpaka wamalize funguo zitakaa kwangu. Inaweza kuwa hadi kiangazi."

"Na kama mwenyewe ataiondoa?"

"Mwenyewe tu ndiye anaweza." Wendell alijikuna shingo. "Ni kweli lakini? Ulikuwa unapiga kelele?"

"Nilikuwa namtukana."

"Nani?"

"Yeye. Arlys."

Wendell aliinuka akafunga mlango wa ofisi. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti yote niliyo nayo."

"Ehee," alisema Wendell, na LaVonne angeapa kwamba kulikuwa na wivu ndani yake.

Jioni ile aliendesha njia yake yote, akamteremsha mtoto wa mwisho, akaegesha, na saa kumi na nusu alikuwa mlangoni kwa Arlys. Jua lilikuwa bado halijazama. Hakuchukua kitu mkononi. Miaka thelathini na miwili ya ndoa hajawahi kuingia nyumba ile mikono mitupu, na Arlys alitazama mikono kabla hajautazama uso.

"Kahawa?" alisema.

"Hapana."

"Kidogo?"

"Hapana."

Arlys hakuuliza tena. Alikaa. LaVonne hakukaa.

"Iondoe ile barua."

"Nimeandika nilichokiona."

"Uliniona nakutukana. Ungetoka nje ungesikia vizuri zaidi, ukaacha kujiumiza macho na darubini."

"Basi sema sasa," alisema Arlys, akijifunga vizuri sweta. "Mporomosha matusi wa barabarani. Niko hapa, sijakimbia. Au unaweza mbele ya kunguru tu?"

LaVonne alifungua mdomo, na yale ya mbu na korosho hayakuja. Lilikuja moja tu. "Miaka miwili nilimwosha mama yako. Alifia nyumbani mwangu. Halafu ukasimama kanisani ukamshukuru mpaka msukuma theluji, jina langu ukalimeza. Nina hasira na wewe, Arlys. Nina hasira na wewe tangu siku ile, na nimeila hasira hiyo mpaka imetaka kuniua. Ulinisahau."

"Sikusahau." Arlys alisema haraka, karibu kwa kiburi. "Hilo litoe kichwani. Jina lako lilikuwa kwenye karatasi, la kwanza kabisa. Nililiruka kwa makusudi."

"Kwa nini?"

Arlys alitazama meza. Alikuwa anakwangua kitu kisichokuwepo kwenye kitambaa cha meza.

"Ile siku ya mwisho wewe ulikuwa kwenye basi lako. Nilikaa naye mimi. Tangu asubuhi, mimi, mtoto wake wa kumzaa, nimeomba ruhusa kazini. Saa tisa na nusu akafumbua macho. Akanishika mkono hivi, kwa nguvu, sikujua bado ana nguvu. Akasema, 'LaVonne, asante. Umenitunza vizuri, mwanangu.' Akarudia. 'Asante, LaVonne.' Akafumba macho. Hakusema neno jingine."

Friji ilikuwa inanguruma. Nje lori lilipita.

"Ulimjibu nini?" aliuliza LaVonne.

"Ningemjibu nini? Asante ile haikuwa yangu." Midomo ya Arlys ilikuwa imekuwa myeupe. "Nilinyamaza, naye akafa akisubiri. Kesho yake kila mtu ananipa pole, na wewe unapita na masinia yako, mnene, mtakatifu, huna habari. Ningekushukuru vipi? Nilikuchukia mpaka meno yakauma."

"Ilikuwa yangu," alisema LaVonne. "Miaka kumi na moja ilikuwa yangu, nawe umeikalia."

"Nimeikalia, ndiyo. Na nimekulisha juu yake. Nilitaka unenepe mpaka usiingie kwenye lile basi. Ulitaka kusikia, umesikia."

 Arlys aliinuka, akachukua simu ya ukutani, akabonyeza namba akiwa amempa mgongo.

"Wendell? Arlys. Ile barua ichane." Alisikiliza. "Hapana, sisemi kwamba ni mzima. Nasema uichane." Alitundika simu. "Sasa toka nyumbani kwangu."

"Natoka."

"Na hizo keki usizitegemee tena."

"Mungu akulaani na keki zako," alisema LaVonne, akatoka, na mlango wa Arlys akaufunga kwa kishindo.

Hakumsamehe. Niseme hilo wazi, maana wapo wanaopenda kusikia watu wamekumbatiana. Hao wawili mpaka leo hawasalimiani, na Jumapili mmoja hukaa kushoto kwa kanisa na mwingine kulia, na wanawake wa mtungi wa kahawa hawajui wamfuate nani.

Lakini siku ile alivuka barabara akaingia jikoni kwake, na mwili wake ukaenda wenyewe mpaka kabatini, kwa mazoea. Alishika kishikio. Alisubiri hasira ije imwambie cha kuchukua, na haikuja. Aliyekuja ni Borghild, na kucha zake ngumu za miguu, na jinsi alivyokuwa akifumba macho maji ya uvuguvugu yakimwagwa mgongoni. Miaka kumi na moja LaVonne hakuwa amemlilia mwanamke huyu hata kidogo. Mdomo wake siku zote ulikuwa umejaa chakula.

Alikiacha kishikio. Akageukia mlango wa kile chumba cha chini, ambacho sasa kina mashine ya kufulia, akasema kwa sauti, "Asante kushukuru, Mama."

Kisha akakaa sakafuni akalia, kilio kibaya, cha makamasi, cha mtu asiyejua kulia kwa kuwa hajafanya mazoezi.

Merle aliingia saa kumi na mbili na buti zake. Alimtazama mkewe pale chini, akatazama jiko ambalo halijawashwa, akazunguka kidogo kama mtu aliyepotea nyumbani kwake.

"Kuna kitu cha kula?" aliuliza.

"Kipo," alisema LaVonne. "Jipikie. Mimi bado ninalia."